Naomba ushauri: droni imeonja maji ya bahari

Habari zenu wakuu. Niko Tanga, na ugonjwa wangu ni vidude vipya, mke wangu keshachoka kuuliza bei. Jumapili nilirusha droni pale Raskazone. Wakati wa kutua upepo ukaisukuma, ikadumbukia ufukweni. Niliikimbilia, nikachomoa betri, nikaisuuza kwa maji ya bomba, kisha nikaifukia kwenye mchele siku mbili (punje zimeingia kwenye matundu, msinicheke). Sasa inawaka, ila mota moja ya mbele inakwaruza ukiizungusha kwa kidole, na pini za betri zimeota kutu ya kijani.

Je, niisafishe mota kwa spiriti au ni ya kubadilisha tu? Na betri hiyo, ni salama kuichaji ndani ya nyumba?