Sheria ndogo mtandaoni: nafasi tupu kwenye maandishi zifutwe zote, au zichaguliwe?

Hoja: Sheria ndogo za halmashauri zilizohifadhiwa kwa XML (maandishi yaliyofungwa kwa lebo) zikigeuzwa HTML, yaani ukurasa wa wavuti, kwa XSLT, lugha ya kugeuza XML, huzuka nafasi tupu na mikato ya mistari isiyotakiwa. Ifutwe yote kwa amri moja?

Gungu: Yote. Weka `<xsl:strip-space elements="*"/>` juu ya faili, na `indent="no"` kwenye `xsl:output`, ili matokeo yasiongezewe nafasi za kupangia mistari. Mabaki hayasumbui: kivinjari hukunja nafasi kumi kuwa moja.

Katubuka: Hapo ndipo unapoharibu, ndugu yangu. Amri hiyo ya `strip-space` hufuta kila kipande cha maandishi ambacho ni nafasi peke yake. Tazama `<b>Kigoma</b> <i>Ujiji</i>`: nafasi ya katikati ni kipande cha namna hiyo, ikiondoka unabaki na "KigomaUjiji". Mwananchi akitafuta "Kigoma Ujiji" hapati kitu. Hii ni hati ya umma, si bango la dagaa mwaloni.

Gungu: Basi tuyapitishe maandishi yote kwenye `normalize-space()`, inayobana nafasi nyingi kuwa moja.

Katubuka: Mbaya zaidi! Hiyo hukata nafasi za mwanzo na mwisho pia. "Kata ya `<b>Bangwe</b>` na" hutoka "Kata yaBangwena".

Kibirizi: Mnailaumu XML bure. Mara nyingi kosa limo ndani ya kiolezo chenyewe, yaani faili la XSLT:

`<xsl:value-of select="kata"/>`
`, Kigoma`

Mkato wa mstari ulio kabla ya koma umeshikana na maandishi, kwa hiyo haufutwi; na `strip-space` hugusa hati ya XML tu, si kiolezo. Utapata "Bangwe , Kigoma". Andika `<xsl:text>, Kigoma</xsl:text>`, tatizo limekwisha.

Mwanga: Na anwani? Mistari yake inatakiwa. Kwenye CSS, yaani mtindo wa ukurasa, msiweke `white-space: pre-wrap` ukurasa mzima, itaonyesha hata nafasi za kupangia msimbo. Wekeni `pre-line`, inayotunza mikato ya mistari lakini hukunja nafasi, tena kwa anwani peke yake.

Gungu: Nakubali, nafasi za ndani ya aya zisifutwe. Lakini orodha ya elementi (sehemu za XML zenye lebo) za kuweka kwenye `strip-space` badala ya `*` ataitunza nani? Ofisi yenye mtu mmoja wa kompyuta haiwezi.

Katubuka: Skima, yaani faili la kanuni za muundo wa XML, inayo tayari, mkuu. Elementi isiyoruhusiwa kubeba maandishi, kama `sheria`, `sehemu` na `jedwali`, iingie kwenye `strip-space`. `aya` na `kifungu` zenye maneno yaliyochanganyika na lebo, usiziguse.

Gungu: Na skima ikibadilika?

Katubuka: Orodha nayo ibadilishwe siku hiyohiyo. Hilo sikukatalii, ni mzigo.