Chipseti ya X570 inafika nyuzi 96, nifunge feni gani?

Nyaya76: Wakuu, naombeni msaada wa haraka. Mazabodi yangu ni ya X570 (chipseti ya AMD, yaani chipu inayounganisha prosesa na diski na vifaa vingine). Chipseti ilikuwa ikikaa nyuzi 70, sasa HWiNFO (programu ya kusoma joto) inaonyesha 96 hata nikiwa sijafungua programu nzito. Feni yake inazunguka na hitisinki (metali ya kupoza iliyo juu ya chipu) nikiigusa ni ya baridi. Nataka kuongeza feni pembeni. Ya milimita 40 itatosha, au 80?

KifaaKazi: 80, ya mwendo wa taratibu, ielekezwe kwenye bodi. Angalia pia kadi ya picha. Kwenye bodi nyingi inaifunika feni ya chipseti na kuimwagia hewa ya moto.

Mpole_Data: Una diski ngapi za NVMe (SSD zinazochomekwa kwenye bodi)? Nafasi ya M.2 (tundu la diski hizo) ya juu kwa kawaida huunganishwa na prosesa moja kwa moja; nyingine nyingi hupitia chipseti. Diski yenye kazi nyingi ihamie juu. Na watu wasipunguze feni kwenye BIOS (mipangilio ya bodi) kwa kutafuta ukimya, halafu wakalalamikia joto.

JichoKali: Habari hii imetungwa. Chipseti hiyo hutoa takriban wati 11. Sensa 96, hitisinki baridi, feni nzima: joto limekwenda wapi? Weka picha.

Themo: Jicho, inawezekana kwa njia moja: hitisinki haiigusi chipu. Nyaya, uliifungua?

Nyaya76: Niliifungua kutoa vumbi. Pedi ya kupitisha joto, iliyokuwa kati ya chipu na hitisinki, ilichanika, nikaweka pesti ya prosesa, ambayo inapitisha joto kuliko pedi. Metali ya kimiminika nimeshaiagiza izibe nafasi iliyobaki. Hapo sirudi nyuma, swali langu ni feni tu.

Themo: Feni haitasaidia, joto halifiki kwenye hitisinki. Pesti hushinda pedi pale nyuso mbili zinapobanana, ikiwa tabaka jembamba. Pedi iliwekwa kwa sababu pana uwazi, na pesti haiwezi kuujaza bila kuacha hewa ndani. Metali hiyo usiifungue kabisa: ina galiamu, inakula alumini, na tone likidondokea bodi ni shoti.

Chomoa umeme, toa kadi ya picha, kisha toa bodi, maana skrubu za hitisinki mara nyingi ziko nyuma. Waya wa feni ya chipseti uchomolewe kabla hujainua. Futa pesti kwa spirti ya isopropili, asilimia 90 au zaidi. Funga kidonge cha plastisini ndani ya nailoni nyembamba, kiweke juu ya chipu, kaza hitisinki, fungua, pima unene wake.

Nyaya76: Milimita 1.2.

Themo: Basi pedi laini ya 1.5, itabanwa. Usiweke ya 2, hitisinki itainama na kupinda bodi. Kaza skrubu nusu mzunguko kila moja, kwa mkingamo.

JichoKali: Nafuta neno langu. Nyaya, pedi ina ngozi ya plastiki pande zote mbili. Bandua zote.

Themo: Mpaka pedi ifike, usiiwashe. Ikirudi kwenye nyuzi 60 hadi 75, feni ya ziada huihitaji.