Sufuria za jiko la indaksheni: stenlesi, chuma, enameli au nonstiki?

Bint_Pangani
Wadau, habari za jioni. Nimehamia ghorofani, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya mkaa wala mtungi wa gesi. Nimenunua jiko la indaksheni la sahani moja, wati 2000. Masufuria yangu yote ni ya alumini, haya haya tuliyokulia nayo. Nikiweka moja juu, jiko linalia kidogo, linaandika E0 na kugoma. Kariakoo nimeonyeshwa aina nne: stenlesi ya kitako kinene, chuma kizito cheusi, enameli yenye maua, na alumini ya nonstiki iliyobandikwa bamba la chuma chini. Kuna na seti ya vipande kumi na kitu, muuzaji anaisifia mpaka unaona aibu kuondoka.

Tuko wanne. Ugali karibu kila siku, wali wa nazi mwisho wa wiki, chapati mara moja moja. Naomba ya mnaotumia, ya wauzaji nimeshayasikia.

FundiVolti
Dada, kabla ya aina, chukua sumaku. Hata ile ya kubandika kwenye friji inatosha. Chini ya kioo cha jiko kuna koili inayotoa uga wa sumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Uga huo unazungusha mkondo wa umeme ndani ya kitako cha sufuria, na chuma kwa ukinzani wake kinapata moto chenyewe. Alumini na shaba zinapitisha umeme kirahisi mno na sumaku haizishiki, ndiyo maana jiko linakwambia hakuna chombo.

Stenlesi nazo si zote. Iliyogongwa muhuri 18/10 ina nikeli nyingi, na ikiwa tupu hivyo hivyo kwa kawaida sumaku haishiki. Nzuri ni ile iliyofungwa alumini katikati na stenlesi ya kushika sumaku chini kabisa. Kwa hiyo jaribu kwenye kitako, ubavuni hapana maana. Sumaku ikining'inia kwa kusitasita, rudisha rafuni. Ukikuta alama ya springi imechorwa chini ni dalili njema, lakini mimi bado ningetoa sumaku.

Halafu pima kitako, usipime mdomo. Sufuria nyingi zina mdomo wa sentimita 24 na kitako cha 18. Kikiwa chini ya 12 hivi, majiko mengi hayakioni kabisa.

Mpishi_wa_Nyali
Kwa chapati usihangaike, nunua chuma. Tawa bapa la chuma cha kusubu linashika moto na haliuachi. Ukitupa chapati ya tatu, ya nne, joto ni lile lile. Mimi naanza namba ndogo kwa dakika chache ndipo napandisha, maana indaksheni inaamsha moto katikati ghafla, na chuma baridi kikishtuliwa hivyo kinaweza kupasuka. Fraipeni nyembamba ndiyo mbaya zaidi: inabinuka tumbo chini, na tangu siku hiyo inazunguka juu ya kioo kama pia.

Ila chuma si cha kila kitu. Mchuzi wa nyanya na ukwaju unaochemka muda mrefu unakula ile ngozi nyeusi ya mafuta, na chakula kinapata ladha ya kutu. Kioshe, kikaushe juu ya jiko, kipake mafuta kiduchu, basi.

Na jamani, karai la mviringo sahauni. Kinachogusa ni kipande kidogo cha katikati, mandazi yataiva kwa zamu. Tafuteni lenye kitako bapa. Chungu cha udongo ndiyo kabisa, samaki wa kupaka wangu bado anapikwa nje kwa mkaa.

MzeeWaMwiko
Wote mmesema vizuri, lakini binti kasema ugali kila siku. Ugali ndio unaochagua sufuria hapo.

Sufuria zetu za kawaida hazina mikono. Kwenye jiko la mkaa unaishika kwa kitambaa, au unaibana kwa miti miwili, na mafiga yanaizuia. Kwenye kioo laini hakuna cha kuizuia. Ukianza kusonga inakimbia, ukiikandamiza unakandamiza kioo. Kioo cha jiko hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayesonga ugali wa watu wanne kwa mikono miwili.

Tafuta mikono iliyopigwa ribiti. Iliyochomelewa kwa nukta mbili huanza kulegea mapema. Mimi hivi: maji yachemke, uji uive juu ya jiko, kisha naongeza unga na kuteremsha. Sufuria naikalisha juu ya ngata ya kitambaa kilicholoa, mezani au sakafuni, nasonga hapo mpaka ushikane. Narudisha jikoni kwa moto mdogo ukomae. Angalia tu usikawie, kwa sababu sufuria ikiondolewa jiko linasubiri kidogo kisha linajizima, na ukirudi unaanza kubonyeza upya.

Shamsa_Maskati
Salaam. Huku Maskati nina sahani mbili za indaksheni na nimepitia nonstiki na enameli zote.

Nonstiki ni tamu kwa mayai na vibibi. Shida ni kitufe cha moto mkali. Fraipeni tupu kwenye indaksheni inafika joto la hatari wakati wewe bado unatafuta yai kwenye friji, na ile dawa ya kuteleza huanza kuharibika ikizidi nyuzi 260 hivi. Moshi wake si wa kuvuta. Wenye kufuga ndege ndani wajihadhari zaidi, unawaua. Mimi huweka mafuta kwanza, namba ya katikati, na siondoki.

Enameli, mashallah, inashika jiko vizuri kwa kuwa ndani ni chuma. Lakini zile nyepesi zenye maua ni za chai na kuchemshia maziwa. Ukipika kitu kizito kinaungua duara moja katikati, sawasawa na umbo la koili. Na ikibanduka kipande ndani, usipikie tena.

Kijana_wa_Luku
Mmesahau uniti za umeme! Wati 2000 kwa saa nzima ni uniti 2. Ukilichapa hivyo saa moja kila siku ni uniti 60 kwa mwezi. Kama dada yuko kwenye ile tarifu ya wanaotumia kidogo, ya hadi uniti 75 kwa mwezi, shilingi 100 kila uniti kabla ya kodi, zinabaki 15 za friji, taa na TV. Ukivuka, bei ya uniti inaruka sana.

Sasa sufuria inaingia hapa: kitako kikiwa bapa kweli na kikatoshana na koili, maji yanachemka haraka, unashusha namba. Maharage yachemshie kwenye presha kuka ya stenlesi, hapo ndipo utaona nafuu. Kuyachemsha wazi saa mbili kwenye indaksheni ni kuilisha Luku tu, ile mita ya kulipia umeme kabla.

Bint_Pangani
Asanteni sana. Mzee, shikamoo, hilo la ngata sikuliwaza. Nina maswali mawili. Kuna bamba la chuma linalouzwa, unaliweka juu ya jiko halafu juu yake sufuria yoyote. Si ningebaki na alumini zangu? Na wali: nyumbani tunapalia mkaa juu ya mfuniko. Hapa nafanyaje?

FundiVolti
Hilo bamba achana nalo. Linafanya kazi, lakini jiko lako linageuka kuwa jiko la umeme la kawaida: bamba linapata moto, linausukuma juu kwenye sufuria na chini kwenye kioo. Kihisi cha joto kinaona kioo kimezidi, kinapunguza au kinakata. Utapoteza wepesi uliolinunulia jiko, na uniti juu.

Mpishi_wa_Nyali
Wali niachie mimi. Majiko mengi ya bei ya chini hayana moto mdogo wa kweli. Ukiweka namba ya chini linawaka kwa nguvu, linanyamaza, linawaka tena. Sikiliza utalisikia. Kwenye sufuria nyembamba kila likiwaka wali unaungua chini, likinyamaza juu kunabaki kiini. Hapo ndipo kitako kinene kinapolipa pesa yake, kinameza yale mapigo na kutoa joto la polepole.

Tui likikauka, shusha mpaka namba ya mwisho, funika kwa kitambaa safi chini ya mfuniko mzito, kingo zake uzikunje juu. Dakika chache, zima, usifunue. Mvuke unafanya karibu kazi yote ya ule mkaa wa juu. Ukoko utaupata, ila juu hapakauki kama kwa mkaa, nisikudanganye.

MzeeWaMwiko
Marahaba binti. Kama nimekuelewa, sufuria ya ugali na ya wali ni ile ile: stenlesi ya kitako kinene, mikono miwili. Usichukue seti. Ndani ya seti utatumia tatu, zilizobaki zitakaa na vumbi juu ya kabati, na bei ya seti ndiyo inayofanya kila kipande kiwe chepesi.

Shamsa_Maskati
Hapo sikubaliani na mzee moja kwa moja. Seti ndogo ya tatu yenye vitako vizuri hutoka nafuu kuliko kununua kimoja kimoja. Ya kumi na kitu ndiyo ya kukimbia, wanahesabu na vijiko na mifuniko kuwa vipande.

Kijana_wa_Luku
Mifuniko kuwa vipande 😂 hiyo nimepigwa nayo.

Bint_Pangani
Basi nimeamua. Sufuria moja ya stenlesi, kitako kisichopungua sentimita 20, na tawa la chuma. Presha kuka mwisho wa mwezi. Mayai nitakaangia humo humo kwenye tawa.

Mpishi_wa_Nyali
Mayai kwenye tawa jipya yataganda. Pikia chapati kwanza wiki mbili tatu likolee mafuta. Na ukienda dukani, liweke tawa kwenye kioo cha kaunta ulibonyeze pembeni. Likicheza, mwambie akupe jingine.