Mashine ya kufyekea imegoma kuwaka: tupeane uzoefu

Mchungwa Mkavu (Muheza)
Wakuu, bega langu la kulia halifai. Tangu jana asubuhi navuta kamba ya mashine ya kufyekea majani, haijatoa hata kikohozi. Ni ya kuning'iniza begani, injini ya 2T (ile ya kuchanganya petroli na oili), cc 43. Mara ya mwisho niliitumia Februari, nikaifuta vumbi nikaitundika stoo na mafuta yake ndani. Sasa masika yamekata, majani yamefika kiunoni kwenye michungwa, na vibarua wa panga wananitajia bei kama wanajenga ghorofa.

Plagi nimeshaweka mpya. Jirani anasema nifungue kabureta. Kabla sijaharibu, naomba kila aliyewahi kugombana na hiki kidude atupe kisa chake: iligoma vipi, na kumbe ilikuwa nini. Msiniambie nipeleke kwa fundi. Fundi wa karibu ni wa bodaboda, na mashine ya mwisho niliyompa ilirudi na skrubu mbili pungufu.

Bosi Kibarua (Dar)
Nianze mimi na aibu yangu. Nilivuta kamba nusu siku, nikapanda nayo daladala mpaka Gerezani, abiria wananilaani njia nzima kwa harufu ya petroli. Fundi akaiangalia, akasukuma swichi ya kuzimia kwa kidole gumba, akavuta mara moja. Ikanguruma. Hakunitoza hata mia. Alicheka tu, na mafundi wa vibanda vya jirani wakaitwa waje kucheka.

Mzee wa Spana (Morogoro)
Kijana wa Muheza, umebadilisha plagi, vizuri. Ile ya zamani ilitoka ikoje? Watu wanaitupa bila kuitazama wakati yenyewe ndiyo shahidi. Funga choki, kile kidude cha kuzibia hewa, vuta kamba mara sita saba, kisha fungua plagi uitazame na uinuse. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: tafuta kwenye paipu, filta ya ndani ya tangi, au kabureta. Ikiwa imelowa, mafuta yanafika ila hayawaki: ama plagi haitoi cheche, ama umeyavuta mengi mno na mashine imelewa.

Za kulewa ndizo naletewa nyingi. Mashine ikiwa baridi unavuta na choki imefungwa, inakohoa mara moja halafu kimya. Kikohozi kile kinakuambia ufungue choki. Mwenye mashine hakisikii, anaendelea kuvuta na choki imefungwa, petroli inajaa ndani. Toa plagi, geuza injini tundu litazame chini, vuta kama mara kumi ijitapike. Ifute plagi, irudishe, kisha vuta kamba choki ikiwa wazi na trota, kile kibano cha kuongezea mwendo, umeibana. Mwaka jana mteja aliniletea ya hivyo, tayari ameshanunua koili mpya, ile ya kuipa plagi umeme. Koili ile anayo hadi leo.

Kupima cheche: visha plagi kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini, vuta kamba ukiwa kivulini utazame. Fanya mbali na petroli uliyomwaga. Mimi niliwahi kuunguza nyusi zangu hivyohivyo.

Mchungwa Mkavu
Shikamoo mzee. Nimeiokota ile ya zamani jalalani, kavu kama biskuti. Na hii mpya nimeifungua sasa hivi, kavu vilevile.

Mama Parachichi (Njombe)
Yangu ilinitoa machozi. Nina mashine mbili shambani, moja ya 4T yenye oili yake chini kama pikipiki, inakunywa petroli tupu, na nyingine ya 2T ya kuchanganya. Nilisafiri siku tatu. Kijana wa shamba akajaza zote mbili kutoka dumu moja, petroli tupu. Ile ya 2T ikafanya kazi vizuri kabisa, anasema hata nguvu iliongezeka, kisha ikapiga mlio wa chuma na kusimama. Niliporudi kamba inavutika laini kama ya mtoto ya kuchezea, haina pumzi. Tukafungua ekzosi na kuchungulia: pistoni ina michirizi kama imepigwa msasa. Imenoki. Hapo hata uvute mpaka Krismasi.

Sasa madumu yangu yana rangi. La njano ni petroli tupu, jekundu ni mchanganyiko. Na kipimo nafuata kitabu cha mashine: ikisema 1:25 ni mililita 40 za oili kwa lita moja, ikisema 1:50 ni 20. Nimenunua bomba la sindano duka la dawa kwa ajili ya kazi hiyo. Kijana simlaumu sana, madumu yote yalikuwa meupe na mimi ndiye niliyeyanunua.

Nazi Mbata (Kilifi)
Hapa kwetu fundi mharibifu ana mabawa. Mashine ilikaa bandani miezi miwili, nikaja kuivuta. Inawaka kwa shida, ukibana trota inafifia kama mgonjwa. Nikasafisha filta ya hewa, nikabadilisha plagi, wapi! Mke wangu ndiye aliyeona nyigu akiingia kwenye tundu la ekzosi. Kufungua: nyumba ya udongo, vyumba vimepangwa, na buibui wa akiba ndani. Moshi ungetokea wapi? Nikabomoa kwa waya. Nyuma yake kuna wavu mdogo wa kuzuia cheche, nao umeziba masizi, nikausugua kwa brashi ya chuma. Siku hizi nikiihifadhi nafunga mdomo wa ekzosi kwa kitambaa chekundu, chekundu ili nisisahau kukitoa. Nilishakisahau mara moja, lakini hicho kisa sikileti hapa.

Mbeba Boksi (Columbus, Ohio)
Jamani huku nafanya kazi ya kukata nyasi za watu, mashine ndiyo mkate wangu. Petroli ya vituo vya huku mara nyingi ina ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli inavuta unyevu wa hewani. Msimu wangu wa kwanza niliacha mafuta tangini Oktoba, theluji ikaja, ikaenda. Aprili paipu zimekuwa kama tambi zilizolala kwenye mchuzi, na ndani ya kabureta kile kipande cha mpira mwembamba kimekauka, hakitikisiki. Kabureta nzima mpya ilikuwa nafuu kuliko saa ya fundi wa huku. Tangu hapo, mafuta yakipita mwezi siyaweki kwenye mashine, na mwisho wa msimu namwaga tangi, kisha naiacha iunguze kilichobaki mpaka izime yenyewe.

Chapchap (Arusha)
Mnazunguka sana. Mwaga kijiko cha petroli tundu la plagi, funga, vuta. Itawaka tu.

Mzee wa Spana
Kijiko kizima kinaiosha oili yote kwenye silinda. Weka matone mawili matatu, tena ya mchanganyiko wenye oili, kama kipimo. Ikiwaka sekunde mbili ikazima, umejua tatizo ni mafuta kutofika. Ni kipimo, si tiba.

Mchungwa, marahaba. Kile kibofu cha mpira cha kubonyeza kinajaa mafuta au hewa?

Mchungwa Mkavu
Matone nimeweka, imewaka ikazima. Kibofu ni mapovu tupu, mzee. Na petroli yenyewe ya Februari inanuka kama vanishi.

Mzee wa Spana
Basi kabureta iache kwanza. Mwaga hayo mafuta. Pinda waya uwe ndoano, ingiza tangini, vuta filta nje pamoja na paipu yake. Ikunje paipu taratibu huku ukiitazama.

Bosi Kibarua
Na swichi umeiangalia?

Mchungwa Mkavu
Swichi nimeiangalia, asante kwa kunijali.

Mrejesho, saa kumi jioni. Paipu ilikuwa imepasuka palepale inapoingia kwenye tangi. Ukiitazama imelala huoni kitu, ukiikunja inafunguka kama mdomo wa samaki. Fundi wa bodaboda kanikatia kipande kipya cha kupitisha mafuta, elfu mbili, na safari hii skrubu zote zimerudi. Nimechanganya mafuta mapya 1:25, nimebonyeza kibofu mpaka mapovu yakaisha. Mvuto wa nne ikakohoa, nikafungua choki, wa tano ikawaka. Kuku wote wamekimbia.

Nimefyeka mistari minne ya michungwa, kamba ya nailoni ya kukatia majani ikaisha. Nani anajua Tanga mjini wanauza wapi ya milimita 2.4?