Mwanangu amealikwa kwenye fraterniti ambayo chuo hakiitambui. Nimkataze?

Mama Z., Columbus, Ohio

Shikamooni wakubwa, wenzangu habari za majukumu. Kifungua mimba wangu yuko chuo mwaka wa pili. Muhula huu ameitwa ajiunge na nyumba moja iliyo mtaani, nje ya eneo la chuo, yenye herufi za Kigiriki juu ya mlango. Ndizo hizi fraterniti, vyama vya undugu vya wanafunzi wa kiume. Anasema ni undugu wa maisha, ukimaliza masomo wanakushika mkono kwenye kazi. Nikafungua tovuti ya chuo, kwenye orodha ya vyama jina halipo. Kumuuliza, ananijibu, "Mama, wao walijitoa wenyewe, chuo kilikuwa kinawasumbua." Na ada inatakiwa mapema! Baba yake ananiambia nisimlee mtoto kama yai. Mimi roho imekataa kutulia.

Kaka M., Minneapolis

Mama Z., pole, lakini wewe hukuwa njuka bwenini? Tulifulishwa nguo za wakubwa, tukaimbishwa usiku wa manane, na tuko hai. Acha kijana akomae.

Baba A., Denver

Marahaba Mama Z. Kaka M., bwenini kulikuwa na matroni, na hakuna aliyetuwekea chupa nzima ya pombe kali mdomoni. Tusilinganishe.

Mimi naishi karibu na Boulder, na hadithi hii kwetu ni ya zamani. Mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Colorado, kijana wa miaka 18 alikufa kwa pombe ya usiku wa kuingizwa kwenye fraterniti. Chuo kikaweka masharti mapya mwaka uliofuata, fraterniti zikakataa kusaini, zikaondoka zikaunda baraza lao. Mpaka leo wako palepale mtaani, wanachama ni wanafunzi walewale, ila chuo kinasema hao si wangu. Fraterniti za vyuo vingine zikafuata njia hiyo: West Virginia mwaka 2018 (chuo kikawafungia mlango kwa miaka isiyopungua 10), Duke 2021, USC kule Los Angeles 2022.

Kwa hiyo neno "haitambuliwi" lina nyumba za aina mbili ndani yake. Kuna nyumba iliyojitoa chuoni lakini makao makuu ya kitaifa bado yanaikubali. Hapo angalau kuna mtu wa kupigiwa simu, kuna kanuni zilizoandikwa. Na kuna nyumba iliyofukuzwa na chuo, makao makuu nayo yakaifutia hati, vijana wakaendelea vilevile kwa jina la kupachika. Hiyo mwanao aikimbie. Mimi nimepitia jando, siyasemi haya kwa kuchukia mila za vijana. Lakini kumbini kulikuwa na nyakanga, kila mtu kijijini alimjua kwa jina, na mwari akiumia ilijulikana nyumba ya kwenda kugonga hodi. Muulize mwanao: nyakanga wao ni nani?

Halafu usiku wa kuogopa zaidi ni ule wa kupewa kaka mkubwa, yaani mwanachama wa zamani wa kumlea anayeingia. Hapo kwenu Ohio, chuo cha Bowling Green, Machi 2021, kijana alipewa chupa ya wiski aimalize usiku huo. Hakupona.

Dada S., Maryland

Jamani tusiwatie wote kapu moja. Mimi ni mwanachama wa kimojawapo cha vile vyama Tisa vya wanafunzi Wamarekani weusi, vya kiume na vya kike. Kimoja chao, Alpha Phi Alpha, kilianzishwa chuo cha Cornell mwaka 1906, wakati mwanafunzi mweusi hakuwa na pa kukaa wala wa kusoma naye. Nkrumah wa Ghana na Azikiwe wa Nigeria wote walikuwa Phi Beta Sigma, kingine katika hivyo tisa. Wenzangu walinizikia mama kwa michango kuliko ukoo wangu, na hilo sitalisahau.

Ila niseme ukweli. Mwaka 1990 vyama vyetu vilifuta ule utaratibu wa zamani wa kuwatesa wanaoingia. Kwenye karatasi umefutwa. Gizani unaendelea, na aliyeingia kihalali anadharauliwa kuwa ni "wa karatasi". Mimi ni wa karatasi na naringa.

Mama Z., jambo moja la sheria. Desemba 2024 Rais Biden alisaini sheria ya shirikisho inayovitaka vyuo vitangaze hadharani vyama vilivyopatikana na hatia ya kutesa wanaojiunga. Wazazi wengi wakiona jina halimo wanashusha pumzi. Wasishushe! Sheria inalazimisha ripoti itaje vyama vinavyotambuliwa na chuo tu. Nyumba kama hiyo ya mwanao inaweza isionekane humo hata ikifanya nini.

Kaka M., Minneapolis

Hilo la ripoti sikulijua. Nimenyamaza.

Baba A., Denver

Nyongeza: Ohio ina sheria yake tangu 2021, kumlazimisha mtu pombe mpaka akadhurika vibaya ni kosa la jinai kubwa. Kama ana viza ya mwanafunzi, ile ya F-1, kukamatwa tu akiendesha gari amelewa kunaweza kumfutia viza kabla hata ya hukumu. Na mwambie, mwenzake akianguka apige 911 papo hapo. Chuo cha Penn State, mwaka 2017, wanafraterniti walikaa karibu saa 12 na majeruhi ndani ndipo wakapiga.

Mama Z., Columbus, Ohio

Ahsanteni sana. Sikumkataza. Nilimtuma tu akaulize makao makuu yako mji gani, na mtu mzima wa ile nyumba ni nani. Amerudi amenyong'onyea, anasema walimcheka. La pili hawakumjibu kabisa.

Usiku wa kaka mkubwa ni Ijumaa. Bado anataka kwenda, marafiki zake wote wanaenda. Lakini jana, akiwa anaosha vyombo, akauliza bila kunitazama kama baba yake anaweza kumfuata saa nne. Baba yake, yule wa "usimlee kama yai", amekwisha jaza mafuta.