Nimelipia giaboksi ishushwe, kumbe bolti zake hazijawahi kuguswa na spana!

Wakuu salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia nikiteleza.

Gari yangu ni Toyota IST, injini 1NZ, ya mwaka 2004. Miezi miwili iliyopita nikaanza kuona madoa meusi pale ninapopaki. Nikamsingizia jirani na Noah yake, maana ile Noah imeshachoka. Usiku mmoja nikatandika kipande cha boksi chini ya IST, asubuhi matone sita yamejipanga usawa wa pale injini inapoungana na giaboksi. Nikachomoa dipstiki: oili imeshuka hadi alama ya chini, na tangu nibadilishe sijafikisha hata kilomita 2,000. Nikikwama kwenye foleni harufu ya oili inayoungua inaingia ndani mpaka abiria ananiuliza kama tupo salama. Jirani nimeshamwomba radhi, tuendelee.

Nikaipeleka gereji moja maeneo ya Tabata, Dar es Salaam. Fundi akatandika gunia, akajilaza, akamulika na simu, akatoka. Nadhani hata dakika haikuisha. "Bosi, hiyo sili ya nyuma ya krenki imekufa. Hapo hamna ujanja, giaboksi inashuka." Sili ni ule mpira unaozuia oili isitoke pale krenki, yaani mhimili wa injini, inapotokeza upande wa giaboksi. Boneti hakufungua. Wala hakufuta pale palipolowana aone oili inaanzia wapi. Mimi nami nikakubali kama kondoo, kwa sababu ukisikia giaboksi inashuka unaingiwa na baridi, unachowaza ni bei tu.

Bei ikawa hivi: ufundi 150,000, sili 45,000, haidroliki ya giaboksi 60,000, na kile kitu wanachokiita "vidogovidogo" 20,000. Jumla 275,000, na hapo nimeomba nipunguziwe mpaka koo limekauka. Gari ikalala kwake siku mbili. Nilipoifuata, chini kote kunang'aa. Akanikabidhi na sili ya zamani kwenye kimfuko cha nailoni, nijionee mwenyewe. Nikampa na hela ya soda!

Siku ya nne, boksi lina matone.

Nikapiga simu. Ananiambia ni oili ya zamani iliyobaki inajisafisha, nimpe wiki. Nikampa wiki. Baada ya wiki anasema basi itakuwa sili ya mbele nayo imeondoka, niongeze 120,000. Hapo ndipo nilipomkatia simu.

Shemeji yangu akanipeleka kwa mzee mmoja anayefanyia kazi uani kwake, hana kibao wala nini. Swali lake la kwanza: "Mwanangu, huyo mwenzangu alifungua boneti?" Nikamwambia hapana. Akaguna tu. Akafunika alteneta na mfuko wa plastiki, akaosha injini kwa dizeli na brashi, akaisuuza, akaikausha kwa upepo wa kompresa. Kisha akaingia ndani kwake akatoka na kopo la poda ya mtoto. Wakuu, nilijua nimeshapata mganga. Akanyunyiza poda nyuma ya injini yote na upande wa giaboksi ikawa nyeupe, akawasha gari, tukakaa tunakunywa chai huku inanguruma kama dakika ishirini.

Tukarudi na tochi. Kwenye ule weupe kulikuwa na mstari mmoja wa kahawia, mwembamba kama uzi. Ulianzia kwenye kona ya tapeti kava, ule mfuniko wa juu wa injini, upande wa giaboksi, ukashuka nyuma ya silinda hedi, ukafuata bloku mpaka kwenye kile kiungo. Juu ulipoanzia kulikuwa kumeshalowana. Yaani oili inavuja juu kabisa, inateleza inavyotaka, inakuja kudondokea palepale ambapo sili ya nyuma ingedondokea. Mtu akijilaza chini asiangalie juu, lazima aseme sili.

Tungeishia hapo ningesema sawa, binadamu hukosea. Lakini mzee akahamishia tochi kwenye bolti zinazofunga giaboksi na injini. Zina tope lililokaukia tangu mvua za masika, limegandamana kati ya kichwa cha bolti na chuma, halina hata mkwaruzo. Akachokonoa moja kwa bisibisi, tope likabanduka kama ganda. "Hii haijashushwa," akasema. "Uliuziwa kuoshwa." Siku mbili gari imelala kule imeoshwa chini kwa petroli, ndiyo maana ikakaa kavu siku tatu. 275,000 ya kuosha uvungu! Car wash ya mtaani kwetu wananifanyia kwa 10,000 na wananipulizia na manukato.

Tiba yenyewe sasa. Mzee akachomoa koili nne, akafungua tapeti kava kwa spana namba 10. Gasketi, ule mpira unaoziba ukingo wa kava, ilitoka ngumu kama plastiki, alipoikunja ikakatika kama biskuti. Akafungua na PCV valvu, kile kidude ambacho injini inapumulia, akaitikisa sikioni. Nzima inatakiwa igonge ndani, hii kimya, imeganda. Akanieleza kwamba ikiziba, pumzi ya injini inakosa pa kutokea, inasukuma oili kwenye gasketi na sili, kwa hiyo ukibadilisha gasketi ukaiacha hiyo, baada ya muda utarudi palepale. Silikoni alipaka kidogo sehemu mbili tu, pale kava la cheni linapokutana na silinda hedi. Wale wanaoizungusha kote kama wanapaka keki, ile inayobanduka kwa ndani inadondoka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Akakaza kwa kuanzia katikati, kidogokidogo, bila kutumia nguvu. Gasketi niliipata kwenye maduka ya spea mtaa wa Gerezani kwa 30,000, PCV 25,000, ufundi 40,000. Wiki ya tatu hii, boksi ni kavu.

Najua mtakuja kusema sili ya nyuma nayo hufa kweli. Hufa, sijakataa. Ila muoshe kwanza, muangalie juu kwanza, na mkisema mmeshusha giaboksi basi muwe mmeshusha!

Naomba kujua, kuna mdau aliyewahi kurudishiwa hela na gereji kwa kazi ambayo haikufanyika? Ulianzia wapi, serikali ya mtaa au polisi? Risiti sina, ila muamala wa simu ninao, na mazungumzo ya WhatsApp sijafuta.

Halafu ile "sili ya zamani" aliyonipa ninayo bado. Kavu, haina hata harufu ya oili. Nilipomwonyesha mzee alicheka mpaka akakohoa. Sili ya nyuma ya krenki ni pana kama kisosi cha chai, hii inakaa kwenye kiganja kama kifuniko cha chupa ya maji. Kesho saa nne asubuhi naenda nayo pale gereji, na picha za bolti ninazo kwenye simu. Nataka anionyeshe ni krenki gani ya 1NZ inapita humo.