Klematisi dabo ya kwenye fensi: Josephine, Multi Blue au Vyvyan Pennell?

MamaZuhura
Wapendwa hamjambo. Jumamosi ijayo Mungu akipenda naenda kununua mche wa klematisi, ile inayotambaa, ila nataka ya maua dabo, yaani ua limejazana tabaka juu ya tabaka, sio yale yenye petali sita basi. Nimebakisha tatu kichwani: Josephine (pinki yenye mstari katikati), Multi Blue (bluu iliyokolea) na Vyvyan Pennell (zambarau). Zote zinacheza pauni 14 mpaka 18. Ipi inatoa maua mengi na haina usumbufu? Naomba wajibu waliowahi kupanda jamani.

Fundi_Bustani
Dada umetuletea mgonjwa bila kutuambia anaumwa wapi. Uko nchi gani? Hiyo fensi inaangalia upande gani? Unapanda ardhini au kwenye chungu? Na futi ngapi kwenda juu? Jibu hayo kwanza, la sivyo kila mtu atakutajia anayoipenda yeye.

babu_Leicester
Multi Blue. Ninayo mwaka wa saba huu, haijawahi kuniangusha. Asili yake ni tawi lililogeuka lenyewe kwenye klematisi nyingine iitwayo The President, na The President ni ngumu kama punda, sasa mtoto atakosaje. Nyingine hizo ni za kupigia picha.

Fundi_Bustani
Nilisema mie 😂

MamaZuhura
Samahani, niko Leeds, Uingereza. Fensi ya mbao futi sita. Jua lipo.

Fundi_Bustani
"Jua lipo", Leeds? Jua la saa ngapi mpaka saa ngapi? Halafu nguzo za fensi ni nene au umeweka waya? Nauliza kwa sababu klematisi haina vikucha wala haina gundi kama aivi, ule mmea unaong'ang'ania ukutani. Inashika kwa kikonyo cha jani, kile kijiti kati ya jani na shina, ndicho kinachojizungusha. Sasa kikonyo chenyewe kifupi, ukiipa mbao nene inashindwa kuikumbatia, inabaki imelala chini kama kamba ya ng'ombe. Piga waya mwembamba au wavu kwanza.

Shangazi_Bremen
Mwanangu Zuhura (nakuita hivyo, mama yake hatakasirika), kwa Vyvyan Pennell ngoja nikueleze. Nilinunua nikiwa mgeni wa haya mambo, nikachimba shimo, nikaipanda usawa uleule ilivyokuwa kwenye poti, nikajipongeza. Mwaka wa kwanza hamna kitu, wa pili maua manne, wa tatu mwezi wa tano nikahesabu vitumba kumi na kimoja, vimevimba hivi, kimoja kimeshaanza kuonyesha zambarau kwenye ncha. Nikampigia simu hadi dada yangu Morogoro. Kesho yake asubuhi natoka na kikombe cha chai nakuta shina zima limeinamisha shingo, majani yananing'inia, vikonyo vimekuwa vyeusi. Nikadhani kiu, nikamwaga ndoo mbili. Jioni ndio kabisaa. Jirani yangu mzee mmoja wa Kijerumani akaja, akatazama, hakusema neno, akaenda kuleta mkasi akakata kila kitu mpaka chini kwenye udongo na vitumba vyangu vyote kumi na kimoja, akaniambia usitupe kwenye mboji, tia kwenye taka. Nilitaka kumsukuma. Ni ukungu, unaziba njia za maji ndani ya shina, na hizi za maua makubwa ndio unazipenda. Nikasubiri wiki, nikasubiri mwezi, hamna. Mwezi wa tisa kwa hasira nikachukua jembe nikang'oa, na hapo ndipo nilipoona, chini ya udongo kulikuwa na vichipukizi viwili vyeupe, vidogo kama punje ya mchele. Ilikuwa inarudi! Niliiua mwenyewe.

Kwa hiyo ipande CHINI zaidi ya ilivyo kwenye poti, sentimita 5 hadi 8, ili hata juu kukifa macho yaliyofukiwa yachipue. Na usiwe na haraka kama mimi.

babu_Leicester
Pole shangazi. Ila mnyauko mwingi watu wanaosema ni ukungu ni konokono tu, wale wasio na nyumba, wanakwangua ganda la shina usiku. Tandaza maganda ya mayai.

Fundi_Bustani
Maganda ya mayai hayafanyi kitu babu. Nimemwona konokono kwa macho yangu anapita juu yake kama anapita zuliani. Toka na tochi saa nne usiku uwaokote.

babu_Leicester
Mayai yako ulichemsha labda. Lazima yawe mabichi yakaushwe juani.

Fundi_Bustani
Konokono anajuaje kama yai lilichemshwa??

mwanaTanga
Mimi napita tu. Kwanza nimecheka, huyu dada anataka ua juu ya ua, nanyi mnamfundisha asije akaliua. Pili huku Tanga hatuna shida hizo, bogenvilia inatosha, na ya dabo ipo, Mahara, ukiikata inazidi kiburi. Inataka jua na kunyimwa maji basi.

Shangazi_Bremen
Bogenvilia Leeds nje Januari? Labda ailaze sebuleni na watoto. Na hiyo dabo yako kasoro yake naijua, yakishanyauka hayadondoki, yanabaki yamekaukia mtini ya kahawia kama vitambaa vilivyosahaulika kwenye kamba.

mwanaTanga
Hilo kweli 😅 Lakini ujue yale ya rangi sio maua, ni majani. Ua lenyewe, kwa bogenvilia ya kawaida, ni kile kidoti cheupe katikati.

Fundi_Bustani
Na klematisi vilevile, zile tunazoita petali ki botania ni sepali, yaani vile vijani vinavyofunika kitumba. Kwa hiyo hapa tumeanza kugombania maua ambayo hayana petali.

Kamau_wa_Limuru
Wacha niulize, hii klematisi si ndio ile inamea yenyewe kwa fensi huku kwetu Limuru? Maua ndogo nyeupe, ikimaliza inatoa kitu kama ndevu za mzee. Sisi hatununuangi, tunaing'oa! Mnatoa pauni 18?

Fundi_Bustani
Ndugu yake huyo, ukoo mmoja, milima ya kwetu inayo ya asili. Sema hiyo ya Limuru ni ya porini, ua lake ni la tabaka moja, sio dabo. Hizi za dukani zimepandishwa na watu miaka mingi, na baridi ikija zinapukutisha majani yote zinalala mpaka machipuko.

Turudi kwa mwenye mada. Kitu ambacho hakuna aliyekwambia: zote tatu ni kundi la 2 kwenye upogoaji. Maua dabo ya mwezi wa tano na wa sita yanatoka kwenye mti wa mwaka JANA. Mtu akikuambia kata zote Februari ujue ameshakunyima dabo hizo. Unatoa vilivyokufa na vinyonge tu, unashuka mpaka jicho zuri la kwanza. Mwaka wa kwanza peke yake ndio unakata chini ili itawanye matawi. Halafu raundi ya pili mwisho wa kiangazi, Vyvyan Pennell inatoa maua ya kawaida sio dabo, wengi wanadhani wametapeliwa. Josephine inabaki dabo raundi zote, na ua lake linakaa wiki kwa wiki, zile kubwa za nje zinadondoka kinabaki kile kibonge cha katikati kama pamba. Mimi ningechukua Josephine.

babu_Leicester
Josephine kwenye fensi yenye jua kali inapauka, nimeiona.

dada_Reading
Jamani mbona hakuna aliyemtajia Purpurea Plena Elegans? Ni ya zamani, rangi ya mvinyo, vijiua vidogo vimejikunja kama waridi la kitambaa, inatoka Julai mpaka Septemba na ule mnyauko wa shangazi haiusikii sana. Na kupogoa hakuna hesabu, Februari Machi unashusha yote hadi sentimita 30, umemaliza. Mimi nina watoto watatu, sina muda wa kutafuta jicho la kwanza jicho la pili.

MamaZuhura
Asanteni, nimechanganyikiwa zaidi ya nilivyokuja 😂 Hiyo ya mvinyo nimeitazama picha, nzuri ila mimi nataka ua kubwa mtu akiingia getini aulize. Jua linapiga asubuhi mpaka saa tano hivi, baadaye kivuli cha nyumba. Kitu kimoja sikusema, nyumba ni ya kupanga, mkataba unaisha mwakani mwezi wa nane.

Fundi_Bustani
Dada!!! Hilo ndilo lilikuwa la kwanza kusema.

Shangazi_Bremen
Basi chungu mwanangu. Kisipungue sentimita 45 upana na 45 kina, cha udongo au cha mbao, sio plastiki nyeusi inachemsha mizizi. Yenyewe inapenda kichwa juani na miguu kivulini, panda kitu kifupi pale chini kifunike udongo, au weka vigae. Na chungu kinataka maji karibu kila siku kiangazi, sio ya kukumbuka.

dada_Reading
Na mwenye nyumba umemuuliza kuhusu kupigilia misumari ya waya kwenye fensi? Mimi nilikatwa pauni 60 kwenye dhamana kwa matundu manne.

babu_Leicester
Matundu manne pauni 60? Mlikubalije? Ulikuwa na picha za siku uliyoingia?

dada_Reading
Sikuwa nazo babu, ndio kosa. Walileta bili ina "matengenezo ya fensi" na fensi yenyewe ilikuwa inaegemea kwa jirani tangu nilivyoikuta.

Kamau_wa_Limuru
Na fensi ni ya nani hapo, yenu ama ya jirani? Huku kwetu hiyo peke yake ni kesi ya chifu.

MamaZuhura
Hata sijui ni ya nani 😩 Ngoja nimwulize jirani nikimwona anatoa taka. Jumamosi naenda hivyohivyo, nikiikuta Josephine yenye shina zaidi ya moja nabeba, nisipoikuta namsikiliza babu. Chungu cha 45 kinaingia kwenye basi kweli?

babu_Leicester
Kinaingia. Mimi nilibeba viwili.